Upepo Uleule

Maharage ya Ngara hayaivi haraka. Mama huyaloweka jioni, huyainjika alfajiri, na jua likishapanda juu ya migomba bado utamkuta ameinamia sufuria, anabonyeza punje moja kati ya vidole viwili na kutikisa kichwa. Kuni ni kavu, maharage ni mapya. Tatizo ni mlima. Mji wetu umekaa karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa haiyakandamizi maji kama inavyoyakandamiza pwani, kwa hiyo maji hayangoji kufika nyuzi 100. Yanachemka karibu na nyuzi 94, na yakishachemka, chochea kuni utakavyo, hayapandi tena. Moto wote unaouongeza unaondoka na mvuke.

Kuchelewa huko kwa maharage nimeishi nako tangu utotoni bila kuuliza sababu. Sababu nimekuja kuipata ukubwani nikiwa nahangaika na kitu kingine kabisa, kompyuta mpya ya mezani, ambayo prosesa yake inaruhusiwa kufika nyuzi 95. Nilipoisoma namba hiyo mara ya kwanza niliinuka nikaenda jikoni, nikaitazama sufuria. Ndani ya lile kasha jeusi mezani kwangu kuna kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na siku ya kazi nzito kinaweza kuwa cha moto kuliko maji yanayotokota jikoni kwa mama.

Kazi yangu ni kuhariri video: harusi, sendofu, komunio ya kwanza, mara mojamoja msiba wa mtu mkubwa. Miaka mingi nilitumia laptopu. Harusi ya saa tatu ilinichukua usiku mzima kuirenda, yaani kuiachia mashine ikusanye picha, rangi, maandishi na muziki na kuvipika kuwa faili moja. Nilikuwa nalala na kuamka, nalala na kuamka, kuangalia asilimia imefika ngapi. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa anamalizia chuo Dar es Salaam, ndiye aliyesema, "Shangazi, hiyo laptopu inakutesa. Nitumie hela kidogokidogo, nitakuunganishia mashine." Nami humwita baba, maana amebeba jina la marehemu baba yangu, na baba akishasema jambo huwa simbishii.

Akaiunganisha Dar, kipande kwa kipande, kwa vifaa vya Kariakoo. Prosesa aliyoipata ni Ryzen 5 3600 ya AMD, iliyoingia sokoni Julai 2019, yenye viini 6. Si mpya tena kwa hesabu za wajuzi, lakini kwangu ilikuwa kama kutoka kwenye baiskeli na kupanda pikipiki. Kisha akaikimbiza. Ndivyo yeye na wenzake wanavyosema: kuikimbiza prosesa, kuitoa kwenye kasi iliyowekwa kiwandani na kuipeleka juu zaidi.

Si jambo geni. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei ndogo iliyoitwa Celeron 300A, ya megahezi 300, na watu wakagundua kwamba ukibadilisha mpangilio mmoja wa madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, kutoka megahezi 66 kwenda 100, nyingi kati yake zinakimbia kwa megahezi 450 bila manung'uniko. Kiwanda hutoa kasi ambayo kina hakika kila kipande kitaiweza, kiangukie mikononi mwa mtu wa Dubai au wa Rulenge. Vingine vina pumzi zaidi ya hiyo. Anayeikimbiza prosesa anaitafuta pumzi iliyobaki.

Pumzi hiyo inalipiwa kwa joto, na malipo hayalingani na kinachopatikana. Kasi ikipanda, joto hupanda nayo kwa kiasi kilekile. Lakini kasi kubwa inadai volteji kubwa, na joto hupanda kwa mraba wa volteji hiyo. Mtoto wa kaka aliniandikia hesabu nyuma ya bahasha, na bahasha hiyo ninayo mpaka leo. Kutoka gigahezi 4.0 kwa volti 1.20, alikwenda 4.3 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka asilimia 7 na nusu. Joto limeongezeka asilimia 36.

Niliirudia hesabu hiyo mara mbili kwa kalkuleta ya simu, nikidhani amekosea. Hakukosea. Wala si yeye wa kwanza kuukuta ukuta huo. Kwa miongo mitatu hivi viwanda vilikuwa vinapunguza ukubwa wa transista na kupandisha kasi bila joto kuzidi, kwa kufuata kanuni aliyoieleza Robert Dennard wa IBM mwaka 1974: kadiri transista inavyokuwa ndogo, ndivyo inavyohitaji volteji ndogo. Katikati ya miaka ya 2000 volteji ikagoma kushuka zaidi. Mwaka 2004 Intel iliachana na mpango wake wa Pentium 4 ya gigahezi 4. Tangu hapo, badala ya kiini kimoja kinachokimbia kupita kiasi, tumepewa viini vingi vinavyokimbia kwa kiasi. Hii mashine yangu ya viini 6 ni mtoto wa joto lile.

Baba alikuja nayo likizo, kwa basi. Aliifunga kwa godoro la sponji na shuka mbili, akaisimamisha kwenye buti katikati ya mizigo ya watu. Dodoma, Singida, Kahama, kisha Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura. Anayeijua barabara hiyo ya malori ya Kigali na Bujumbura anajua jinsi mashimo yake yanavyoutikisa mgongo. Sasa fikiria prosesa ambayo juu yake pamefungwa kipoozeo cha mnara, mapezi ya alumini na mabomba ya shaba, zaidi ya nusu kilo ya chuma kinachoning'inia ubavuni mwa madabodi kwa skrubu chache, kikipigwapigwa usiku na mchana.

Jioni ya kwanza tuliiwasha ikawaka. Tukafurahi, mama akapiga kigelegele. Baba akafungua Cinebench, programu ya kuichosha prosesa makusudi ili uone uvumilivu wake, na pembeni akaweka kipima joto. Namba zikaanza kupanda. 60. 78. 90. Kabla ya dakika kuisha ilisoma 95 ikakaa hapo, na kasi ikaanza kushuka yenyewe, 4.3, 4.0, 3.6, kama mtu anayepanda mlima na gunia akapunguza mwendo ili asianguke. Prosesa za siku hizi hazijiachi ziungue; zikifika kikomo hujishusha, na zikizidiwa kabisa huzima.

"Shangazi, zima. Dar ilikuwa haivuki 83."

Tulilaza kasha ubavu, tukafungua, tukakitoa kipoozeo taratibu kwa kukizungusha kidogo kushoto na kulia. Nilichokiona sitakisahau. Kati ya prosesa na kipoozeo hupakwa pesti, ujiuji wa kijivu, na kazi yake ni kujaza mikwaruzo midogo ya vyuma viwili ambamo hewa ingejificha. Hewa iliyotulia ni mbaya sana kupitisha joto. Ndiyo maana blanketi linatufaa. Pesti ikikandamizwa vizuri hubaki utando mmoja mwembamba, sawasawa pote. Hii yetu ilikuwa imebaki mwezi mwandamo. Upande mmoja ulikuwa umebanwa, upande wa pili pesti ilikuwa nene, imepasuka, imeinuka vichuguu, na skrubu moja ya pembeni ilizunguka kwa ncha ya kidole. Barabara ilikuwa imeilegeza. Joto la viini vyote 6 lilikuwa linajaribu kutoka kupitia ukingo ule mwembamba wa mwezi.

Tulifuta kwa spiriti na kitambaa cha pamba mpaka kofia ya prosesa ikang'aa kama kijiko kipya. Kofia hiyo ni shaba iliyopakwa nikeli. Nilipoambiwa hivyo nilinyamaza kidogo. Hapa wilayani kwetu, Kabanga, chini ya ardhi ambayo watu wanapanda migomba na kahawa, kuna moja ya hazina kubwa za nikeli duniani ambazo bado hazijachimbwa, na shaba na kobalti vimo humo humo. Utafiti wake ulianza miaka ya 1970, na makubaliano na serikali yalitiwa saini Januari 2021. Nimekua nikisikia habari za nikeli kama mtu anavyosikia habari za mjomba aliyeko ng'ambo. Sikuwahi kujua inafanana na nini ikiwa kazini. Inafanana na kioo kidogo cha mraba, unapaka juu yake pesti kiasi cha punje ya njegere, kisha skrubu zinakazwa kwa msalaba, kidogo huku, kidogo kule, kama unavyofunga nati za gurudumu ili lisikae upande.

Tukawasha tena. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Chumba cha Dar kilikuwa na nyuzi 31, prosesa ikafika 83. Yaani ilipanda nyuzi 52 juu ya hewa ya chumba. Chumba changu Ngara jioni ile kilikuwa na nyuzi 21. Kipoozeo cha feni hakiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka, kwa hiyo kila kitu huhesabiwa kuanzia kwenye hewa hiyo. Ishirini na moja na 52 ni 73. Nikajisemea, hii baridi yetu inayotuumiza mifupa Juni na Julai leo imepata kazi ya maana. Kipima joto kikapanda, kikatulia. Kilisoma 79.

Baba akakagua skrubu, zimekaza. Akakagua feni, inazunguka kama ilivyozunguka Dar. Tukakaa tunatazamana. Nyuzi 6 zimetoka wapi?

Kutoka kwenye sufuria ya mama. Hewa ileile isiyoyakandamiza maji ndiyo ambayo feni inaisukuma. Feni ikizunguka mara 1,500 kwa dakika Dar na mara 1,500 kwa dakika Ngara, inapitisha ujazo uleule, lakini ujazo wa hewa ya Ngara ni mwepesi kwa karibu moja ya sita. Kila pumzi ya feni inabeba mzigo mdogo wa joto. Kwa hiyo baridi ya mlima ilitupa nyuzi 10, na wepesi wa hewa yake ukatunyang'anya 6. Tulibaki na 4. Baba aliyekuja na namba zake za Dar kwenye daftari, zimejaribiwa, zimehakikishwa, alizitazama kisha akafunua ukurasa mpya, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: NGARA.

Ukurasa ule mtupu ulinigusa. Nilikuwa nadhani kompyuta ni kitu kisicho na kwao. Zimetengenezwa mbali, zinafanana, ukiwa na namba sahihi zitafanya kazi ileile popote. Kumbe mashine ikishawashwa inaanza kuishi mahali. Inavuta hewa ya hapo, vumbi la hapo, umeme wa hapo. Yako mashindano ya dunia ambamo prosesa humiminiwa vimiminika vya baridi kali ili zivunje rekodi. Mwaka 2022 moja ilivuka gigahezi 9 kwa heliamu ya kimiminika, kitu chenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Nawaheshimu washindani hao kwa ustadi wao. Lakini namba ile ni ya dakika chache kwenye meza ile, na hakuna harusi inayoweza kurendwa kwa dakika chache.

Kuna jambo jingine nililogundua baadaye ambalo limenipatanisha na mlima. Yale mabomba ya shaba kwenye kipoozeo si shaba tupu. Ndani yamenyonywa hewa na kuwekwa matone ya maji, kisha yakazibwa. Kwa sababu hewa imetolewa, maji hayo huanza kuchemka yakipata joto dogo tu, la kiasi cha mkono wa mtu mwenye homa. Yanageuka mvuke pale kwenye prosesa, mvuke unasafiri mpaka kwenye mapezi, unapoa, unageuka maji tena, na maji yanarudi kuchukua mzigo mwingine. Hakuna pampu, hakuna mota. Ni jambo lilelile la maharage, limepelekwa mbali zaidi: punguza mkandamizo, maji yatachemka mapema na kuondoka na joto. Kinachomchelewesha mama jikoni ndicho kinachoiokoa prosesa mezani kwangu.

Usiku ule wa ukurasa mpya sikupata usingizi, na nikawa nawafikiria wahunzi.

Huku kwetu Kagera watu wameujua moto kwa muda mrefu. Mwaka 1978 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu matanuru ya chuma ya Buhaya, mengine yenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Wazee wa Kihaya walikuwa wamewajengea tanuru upya kwa kumbukumbu ya yale waliyoyaona ujanani mwao. Mirija ya udongo haikuishia ukutani mwa tanuru. Iliingia ndani kabisa, katikati ya makaa, hivyo, kwa maelezo yao, upepo wa mivukuto ulikuwa unapata moto njiani kabla haujafika kwenye chuma. Na upande wa Biharamulo na Geita walikuwapo Warongo, watu ambao kuyeyusha chuma ndiyo ilikuwa kazi yao na jina lao, wakizika dawa chini ya tanuru kabla ya kuliwasha.

Sisi watoto wa leo tunaona kwamba wahunzi na kompyuta ni dunia mbili. Mimi siku hizi sioni hivyo. Mhunzi alikuwa anapambana na swali lilelile la baba na daftari lake: joto liko wapi sasa hivi, linataka kwenda wapi, na nani analipa njia. Mvukutaji anasukuma upepo ili moto upande. Feni inasukuma upepo ili joto liondoke. Upepo ni uleule. Ukikuta makaa unayalisha, ukikuta mapezi ya alumini ambayo hayana cha kuungua unabeba joto lao na kwenda zake. Na mvukutaji wa mlimani naye alidaiwa pumzi za ziada kuliko wa bondeni, kwa hewa hii hii nyepesi, ingawa hakuwa na namba ya kulisema hilo. Alilijua kwa mabega yake. Hakuna aliyeweza kumletea kipimo cha mivukuto kutoka kwingine akakifuata hivyo hivyo. Udongo wake ulikuwa wake, na mti wa mkaa wake ulikuwa wake.

Baba alikaa nami wiki tatu, tukiujaza ule ukurasa. Hatukutafuta kasi ya juu kabisa. Tulitafuta volteji ya chini kabisa ambayo mashine bado inakuwa thabiti. Huo ndio ufundi wenyewe, na unataka subira: shusha kidogo, ichoshe nusu saa, shusha tena. Ikiganda au ikajizima, umepita. Rudi hatua moja. Joto lina tabia ya kuzaa joto, kwa kuwa transista zikiwa za moto huvujisha umeme zaidi, na umeme unaovuja nao hugeuka joto. Ukilikata mapema unapata faida mara mbili. Tuliishia gigahezi 4.1 kwa volti 1.225. Kasi imepungua chini ya asilimia 5. Joto limepungua zaidi ya moja ya tano, na kipima joto kikisoma 67 huku feni ikinong'ona tu, haipigi kelele. Harusi ya saa tatu inachukua saa mbili na kidogo. Tofauti na ile kasi ya Dar ni dakika 6. Nimezipima. Ni muda wa kikombe kimoja cha chai.

Alipomaliza chuo alihamia Biharamulo, akafungua steshenari ndogo ya kuchapa na kutoa kopi, na huko akakutana na adui mwingine. Agosti alinipigia simu. "Shangazi, yangu imetoka 68 mpaka 84 na sijagusa kitu chochote."

"Umeifungua, baba?"

Alikuwa hajaifungua. Nilimsikia akiweka simu mezani, skrubu zikilia, kisha kimya. Halafu akasema polepole, "Ni nyekundu yote."

Anayeijua Biharamulo ya kiangazi anajua vumbi lake. Linakaa kwenye majani ya miembe, linaingia kwenye kabati lililofungwa. Ndani ya kipoozeo lilikuwa limeshikana na nyuzinyuzi za karatasi likawa kitambaa kizito kati ya pezi na pezi. Feni ilikuwa inapuliza ukuta. Alilitoa nje, barazani, kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli, akiishika feni kwa kidole isizungushwe na upepo wa pampu, maana feni ikizungushwa kwa nguvu hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye ubao. Kisha akavisha tundu la kuingizia hewa soksi nyepesi ya nailoni, ambayo huifua kila Jumapili. Likizo moja tulipita kulitazama boma la Wajerumani, akaweka kiganja kwenye ukuta ule mnene, akakiacha hapo muda mrefu. Nilijua anachokifikiria. Hata aliyelijenga alikuwa anajiuliza joto lipite wapi.

Na umeme wenyewe. Ngara na Biharamulo ziliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, kwa jenereta za dizeli, na mimi ni shahidi wa usiku uliokatika katikati ya kazi. Mtu mmoja aliwahi kuniuliza kama umeme ukikatika ghafla prosesa haitaungua, kwa kuwa feni nayo imesimama. Haiungui. Moto na upepo vinakatika kwa pamoja, na joto lililobaki ni la kumalizika kwenye mapezi. Kinachoungua ni kazi ambayo hukuihifadhi. Siku hizi ipo laini ya kilovolti 220 kutoka Rusumo mpaka Nyakanazi, na kituo cha umeme wa maji cha Rusumo cha megawati 80 ambacho Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa. Ruvubu na Nyabarongo zinakutana karibu na hapo, zinakuwa Kagera, na Kagera inaporomoka.

Nikikaa usiku na mashine yangu huwa nayafuata maji hayo. Yanaanguka Rusumo, yanazungusha chuma, yanapanda kwenye nyaya, yanapita kwenye Luku yangu ikihesabu yuniti, yanaingia kwenye kasha, yanageuka sura ya bibi harusi, sauti ya kwaya, rangi ya kitenge. Na baada ya hayo yote, hakuna hata wati moja iliyobaki ndani ya picha. Zote zinatoka nyuma ya kasha zikiwa hewa vuguvugu. Mashine ikichakata kwa saa mbili, imekipasha chumba joto kwa saa mbili, na picha ni kile kilichopita njiani.

Juni hii, usiku wa baridi sana, nilikuwa narenda harusi ya watu wa Kabanga. Kiasi cha saa kumi alfajiri mama aliingia na beseni lililofunikwa kwa kitambaa. Unga wa maandazi ulikuwa umegoma kuumuka jikoni kwa baridi. Hakuniuliza chochote. Alizunguka nyuma ya meza, akanyoosha kiganja pale hewa inapotokea, akakisogeza juu, akakisogeza chini, kama anavyofanya juu ya sufuria. Kisha akaliweka beseni sakafuni kwenye njia ya ule upepo, akalisukuma kwa mguu mpaka likakaa sawa.

"Itamaliza saa ngapi?" akauliza.

Nikatazama. Asilimia 61, nyuzi 67.

"Bado dakika hamsini, mama."

"Zinatosha," akasema, akaenda kuinjika maharage. Alipowasha redio, Radio Kwizera ilikuwa inaanza matangazo, na kitambaa juu ya beseni kilikuwa kimeanza kuinuka.